Stori mliyoitupa ni ya nani? Barua ya wazi kwa wahariri na wamiliki wa vyombo vya habari

Ndugu wahariri watendaji, wahariri wa habari, na ninyi wamiliki wa magazeti, redio na televisheni,

Salaam kutoka Arusha.

Kuna waraka unazunguka kwenye simu za waandishi wa kanda hii. Chombo kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenzangu wanaokiandikia bado wanakidai fedha zao, kimewataka waandishi wake wa mikoani wafunge blogu zao na chaneli zao za YouTube, la sivyo waache kutuma habari. Waraka ni mfupi. Unataja mgongano wa maslahi, unataja mali ya kampuni, na unamalizia na onyo kwamba atakayekaidi ataondolewa kwenye orodha.

Orodha ipi, jamani? Wengi wetu hatuna mkataba. Bima ya afya hatukatiwi, NSSF hatuchangiwi, kamera tumenunua wenyewe, bando tunajiwekea, bodaboda ya kwenda Muriet au Ngaramtoni tunalipa kutoka mfukoni. Tunalipwa kwa stori iliyotoka. Ikipata nusu ukurasa ina bei yake, ikiingia kwenye habari kwa ufupi ina bei yake, isipotoka hakuna kitu. Masharti hayo tumeyaishi miaka yote, na wengine kati yetu tumesomesha watoto kwa kuunganisha hiki na kile. Ila sasa mnataka utii wa mwajiriwa kutoka kwa mtu mnayemlipa kama kibarua, na hapo ndipo naona lazima tuzungumze, tena hadharani, maana tukizungumza kwenye simu mnasema mko kwenye kikao.

Swali langu ni moja na mengine yote yanatoka humo. Stori mliyoitupa ni ya nani?

Nichukue mfano wa kwangu mwenyewe, kwa sababu wa mwenzangu ungemletea matatizo. Ukanda wa chini ya Mlima Meru, kutoka Ngarenanyuki kushuka Maji ya Chai na Usa River mpaka baadhi ya mitaa ya jiji, una maji yenye floraidi nyingi. Inatoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, na bado kuna visima na chemchemi huku kwetu vinavyovuka hata hapo. Watoto wanaota meno ya kahawia. Wanaokunywa maji makali zaidi tangu utotoni, mifupa yao inapinda, wanatembea kwa taabu. Ninyi mlioko Dar mnayajua meno yetu, na utani wake tumeuzoea.

Nilikwenda Ngarenanyuki kuandika kuhusu chujio za mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka inakuwa myeusi, inasagwa punjepunje, inaoshwa, inajazwa kwenye chombo, na maji yakipita humo floraidi inanaswa. Mama mmoja alinionyesha ya kwake. Ilikuwa ndoo ya lita ishirini iliyokalishwa juu ya kigoda, na kibomba chake cha plastiki kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sababu kilikuwa kinavuja. Kikombe cha kwanza alikimwaga kwenye mche wa mgomba. Cha pili akanipa. Maji yalikuwa matamu, sina la kusema. Nikamuuliza mkaa ule aliuweka lini. Akacheka, akasema, "Mwanangu, tangu huyu hajazaliwa," akamwonyesha mtoto aliyekuwa tayari anakwenda shule.

Hapo ndipo palipokuwa na habari. Mkaa wa mifupa unachoka. Ukishachoka, hakuna harufu, hakuna rangi, ladha ni ileile. Maji yanaendelea kutoka masafi kwa macho na floraidi yake imo. Mama yule alikuwa anajiona amewakinga watoto wake, wakati huenda ndoo ilishaacha kufanya kazi zamani, na hakuna aliyewahi kurudi kumpimia. Niliuliza nyumba za jirani, majibu yalifanana.

Niliandika maneno kama mia tisa na kuyatuma pamoja na picha. Yalitoka maneno yasiyofika mia, ukurasa wa mikoani, kona ya chini, chini ya kichwa kilichosema wananchi walalamikia maji. Mkaa wa mifupa haukutajwa popote. Na kwenye stori yangu hapakuwa na mwananchi hata mmoja aliyelalamika! Shida yenyewe ilikuwa kwamba hawakuwa na sababu ya kulalamika, walikuwa wanaamini ndoo.

Nikampigia mhariri. "Kaka, vipi tena?" Akanijibu kwa upole, na sina kinyongo naye: "Mdogo wangu, mambo ya meno ya Arusha tumeshaandika sana, halafu jioni tangazo la ukurasa mzima likaingia." Ninaelewa. Gazeti lina kurasa za kuhesabika, tangazo ndilo linalolipa karatasi na umeme, na mhariri wa mikoa anapokea stori za nchi nzima kwa jioni moja. Hakuniibia kitu. Alichagua, na kuchagua ndiyo kazi yake.

Gazeti lilipokwisha kutoka, nikaiweka stori nzima kwenye blogu yangu, na picha ya ndoo. Wakanitafuta walimu, wakanitafuta watu wa vituo vya afya, akanitafuta na fundi mmoja wa Usa River aliyetaka kujua mkaa unapatikana wapi. Kisha akanipigia kaka yangu yule mhariri, safari hii bila upole. Kwamba nimewauza. Kwamba nimechukua kazi ya gazeti nikaipeleka kwangu. Na haikupita muda mrefu stesheni moja ikasoma aya zangu hewani, neno kwa neno, ikisema ni kwa mujibu wa mitandao ya kijamii. Mitandao ya kijamii haikupanda bodaboda kwenda Ngarenanyuki.

Sasa niambieni. Maneno zaidi ya mia nane ambayo hamkuyachapa, na hamkuyalipia, yalikuwa mali ya nani? Mnunuzi wa parachichi akifika shambani akachagua yale makubwa ya kusafirisha nje, hamzuii mkulima kupeleka yaliyobaki soko la Tengeru siku ya Jumamosi. Angefanya hivyo, wangemcheka kijiji kizima.

Mtaniletea sheria. Tuangalie basi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kama ilivyoandikwa. Haimpi mtu umiliki wa tukio. Mliyonunua kwangu ni yale maneno mliyoyachapa. Ndoo, mama yule, jibu lake na floraidi yenyewe si vya kampuni yoyote. Mkitaka viwe vyenu peke yenu kwa muda fulani, hilo linawezekana kabisa, linaitwa mkataba, na lina bei.

Sitaki mnione kama mtu anayedhani ninyi hamna hoja. Mnazo, na moja inaniuma.

Wapo wenzetu wanaofanya kweli mnachokiogopa. Anakwenda kwenye mkutano wa waandishi kwa jina la gazeti, anakaa kiti cha mbele kwa kitambulisho cha gazeti, halafu kabla mkuu wa mkoa hajamaliza kuongea ameshaiposti kwenye ukurasa wake, na gazeti linaletewa makombo saa kumi na mbili jioni. Huyo hana utetezi kwangu. Ametumia mlango wenu kuingia, habari ya kwanza ni yenu. Wapo pia mabloga wa hapa mjini ambao kazi yao yote ni kubandika taarifa kwa umma kama ilivyotoka ofisini, na makosa yake ya tahajia, kisha chini wanaweka jina lao kana kwamba wameandika. Na wapo wanaoweka picha za majeruhi barabarani kabla ndugu hawajapigiwa simu. Hayo tunayaona, na hatuyapendi kama msivyoyapenda.

Hoja inayoniuma ni ya matangazo. Mji huu unakula utalii. Mwenye blogu Arusha au Moshi, tangazo lake la kwanza huwa ni la kampuni ya safari au la hoteli, kwa sababu hakuna mwingine mwenye hela ya kutangaza. Akishalipwa na kampuni ile, siku wapagazi wake wa Kilimanjaro wakija kulalamika kwamba hawajalipwa posho, ataiandika? Gazeti kubwa lina idara ya matangazo na chumba cha habari, na angalau kati yao kuna ukuta, hata kama sote tunajua ukuta huo una mlango. Mwenye blogu ni idara zote mbili ndani ya fulana moja. Hilo ni tatizo la kweli, na dawa yake ni kusema wazi nani anakulipa, juu kabisa ya ukurasa, pasipo kujificha. Nimeanza kufanya hivyo. Tena na ninyi mngeanza, ingependeza.

Maana mshiko nao tuutaje. Mwandishi anayelipwa na chombo chake kiasi kisichorudisha nauli, anarudishiwa nauli na nani? Na mwenye shughuli, ndani ya bahasha. Mnalijua hilo tangu enzi za mashine za chapa. Hamjawahi kuandika waraka wa kumfukuza mtu kwa bahasha kwa ukali huu mlioutumia kwa blogu. Nilipousoma waraka nilijiuliza kwa nini mgongano wa maslahi umeonekana ghafla siku mwandishi alipoanza kujitegemea.

Hili la blogu halikuanzia hapa, na yaliyowapata wengine yanafundisha. Machi 2003, vita vya Iraki vikiwa vinaanza, CNN ilimtaka mwandishi wake Kevin Sites asimamishe blogu yake binafsi, kwa maelezo kwamba kuripotia CNN ni kazi ya kutwa nzima. Mwaka huohuo, huko Connecticut nchini Marekani, gazeti la Hartford Courant lilimwagiza Denis Horgan aache blogu yake. Horgan alikuwa mwandishi wa safu, gazeti likamwondolea safu na kumpeleka ukurasa wa safari, naye akaamua maoni yake ayaandike kwake, kwa muda wake. Mhariri wake, Brian Toolan, akakataa. Kule California, gazeti la Sacramento Bee halikumfungia Daniel Weintraub blogu, iliyokuwa ndani ya tovuti ya gazeti lenyewe. Baada ya ugomvi kuhusu aliyoandika juu ya mwanasiasa wa huko, Cruz Bustamante, liliamua kwamba mhariri awe anapitia kabla ya kuchapishwa.

Hatua hizo hazilingani. Ya Weintraub naweza kuitetea, maana blogu ni ya gazeti, gazeti lina haki ya kusoma kwanza. Ya Horgan siitetei hata kidogo. Walimnyang'anya safu, kisha wakamnyima na karatasi ya kuandikia nyumbani kwake.

Na Sites? Mwaka uliofuata alikuwa Falluja, hukohuko Iraki, akifanyia kazi televisheni ya NBC, na blogu yake ikiwa hai. Novemba 2004 kamera yake ilinasa mwanajeshi wa Marekani akimpiga risasi ndani ya msikiti mtu aliyejeruhiwa. Televisheni ilionyesha tukio, dunia ikagawanyika, na yeye akashambuliwa na watu wa nchi yake. Alipotaka kueleza kwa urefu alichokiona, hatua kwa hatua, na kwa nini hakukaa kimya, aliandika barua kwa wanajeshi aliokuwa nao, na barua hiyo aliiweka kwenye blogu yake. Taarifa ya habari ya dakika mbili isingeweza kuibeba. Nikisoma habari za Sites namkumbuka mama yule na ndoo yake, ingawa sidai mambo hayo yana uzito sawa.

BBC wao walikwenda njia nyingine. Waliwapa waandishi wao blogu ndani ya nyumba. Benki za Uingereza zilipoyumba mwaka 2007 na 2008, blogu ya Robert Peston, mhariri wao wa biashara, ilikuwa inasomwa na watu wenye benki zao na watu wenye akiba ya kustaafu. Aliyetaka kumsoma alikuwa anakwenda BBC. Kipi kilipungua?

Na hapa nyumbani msisahau tulikotoka. Ndesanjo Macha alikuwa na safu gazetini huku akiandika Jikomboe, miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa mpiga picha wa Daily News, gazeti la serikali, chombo ambacho kwa kawaida mngedhani kingekuwa cha kwanza kukasirika. Daily News halikufa kwa ajili ya Michuzi. Watanzania walioko ughaibuni walikuwa wanaamkia kwake kuona misiba na harusi za nyumbani, na wengi wetu tuliokuwa tunaanza kazi tulijifunza kwake kwamba picha moja yenye maelezo mafupi inaweza kusafiri kabla gazeti halijapakiwa kwenye basi.

Kuna jambo jingine ambalo naona mmelisahau, nalo ni kwamba rungu likishuka halichagui. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa alipe zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza ili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imruhusu kuandika. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini mwaka ule blogu nyingi zilizimika, za watu waliokuwa wanaandika kilimo, mapishi, habari za wilaya zao. Baraza la Habari na mashirika mengine yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara kupinga. Kwenye vyumba vya habari, lakini, nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema afadhali, takataka zimepungua. Oktoba 2024, TCRA ikasimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni kubwa, yenye wahariri, wanasheria na ghorofa. Kanuni zinazombana bloga wa mtaa wa Sakina zinawabana na ninyi.

Na polisi ni hivyo hivyo. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilianguka Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mji huu haujasahau jeneza zile pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tarehe 18, waandishi waliokwenda shuleni kuripoti utoaji wa rambirambi walikamatwa pamoja na meya wa jiji. Mtu akifikishwa kituoni haulizwi kama habari yake ilikuwa inakwenda gazetini au kwenye blogu. Tukitoka huko tunaanza kubaguana wenyewe.

Halafu nawashangaa kwa kitu kingine. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapahapa Arusha. Tarehe 28 Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinavunja mkataba wa Jumuiya, vikiwemo vya kashfa na uchochezi. Pembeni kidogo iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyosema mwaka 2014, katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga jela mwandishi kwa kashfa kunakiuka uhuru wa kujieleza. Hukumu za namna hiyo zina kurasa nyingi sana, nanyi mnatupa nafasi ya safu moja. Mwandishi anayejua kuisoma hukumu aya kwa aya, akiirahisisha kwa Kiswahili ambacho diwani wa Olmoti anakielewa, ataiweka wapi? Ninyi wenyewe hamtaki urefu, tena mnazo sababu. Basi mwacheni auweke mahali.

Mtasema: na akikosea je? Nani anamhariri? Hili ni swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye waraka wenu, na ajabu ni kwamba kwenye waraka halimo. Kweli kabisa, blogu haina jicho la pili. Mhariri mzuri anauliza umeongea na upande wa pili, umeona hiyo risiti, huyu mtoto una ruhusa ya mzazi kumpiga picha. Nilipokuwa nikianza nilipitia mikononi mwa mhariri wa aina hiyo, mzee mmoja aliyekuwa akinirudishia karatasi imejaa alama nyekundu, na mpaka leo nikiandika namsikia akiniuliza, "Ulimwona, au uliambiwa?" Wahariri kama yule wamepungua kwenye meza zenu. Stori ninazotuma leo zinapunguzwa urefu tu. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliulizwa swali. Kama hofu yenu ni ubora, wapeni waandishi wa mikoani mtu wa kuwauliza maswali, hata kwa WhatsApp, hata kwa zile stori ambazo hamtazichapa. Mtashangaa blogu zao zitakavyobadilika.

Tuje kwenye ninachoomba.

Anayetaka mwandishi awe wake peke yake, amwajiri. Mshahara, bima, NSSF, kamera, na likizo. Hapo mkimwambia blogu hapana, mtakuwa na mahali pa kusimamia, ingawa bado ningewashauri mfanye kama BBC. Asiyeweza kumwajiri, na najua hali ya mapato ilivyo, akubali kwamba ananunua stori moja moja na asimdai muuzaji zaidi ya alichonunua. Waraka ule ufutwe, na chombo kilichoutoa kilipe kwanza madeni yake. Sioni aibu kusema hivyo. Huwezi kumkataza mtu kuuza kwingine huku unamtaka akuvumilie miezi kabla hujamlipa.

Na mkitumia kazi iliyotoka kwenye blogu, mtaje jina la blogu na la mwandishi, na mlipe kama mngemlipa mwandishi yeyote. Redio zinasoma magazeti yenu kila asubuhi, zinataja jina la gazeti na ukurasa, na mwananchi anajua amesikia nini kutoka wapi. Adabu hiyo mnayo tayari, ni kuisogeza kidogo tu.

Jukwaa la Wahariri likikaa, na vilabu vya waandishi wa mikoa vikiitwa, naomba jambo hili liwe kwenye ajenda, na waandishi wa mikoani wasiwe wanakaa nyuma kama wageni waalikwa. Ili msiseme nimelalamika bila kuleta kitu mezani, nimeandika kipengele ambacho kinaweza kuingia kwenye makubaliano ya chombo chochote na mwandishi anayelipwa kwa stori. Nimekiandika kwa Kiswahili cha kawaida ili mtu asihitaji wakili kukielewa:

"Mwandishi akituma habari, chombo kina saa 72 za kuamua. Ndani ya muda huo mwandishi hataichapisha popote. Chombo kikiichapisha, kitamlipa ndani ya siku 30, na mwandishi anaweza, baada ya saa 24, kuandika kwenye blogu yake habari hiyo kwa upana wake, akitaja ilikotoka kwanza. Chombo kisipoichapisha ndani ya saa 72, au kikisema mapema kwamba hakiitaki, habari inarudi kuwa ya mwandishi. Habari iliyopatikana kwa kitambulisho au gharama za chombo itatoka kwanza kwenye chombo. Madaftari, rekodi na picha ambazo chombo hakikuzinunua ni za mwandishi. Mwandishi atatangaza wazi nani anatangaza kwenye blogu yake, na atawajibika mwenyewe kwa anachokichapisha huko."

Anayeona kimekosewa, akirudishe kikiwa na alama nyekundu. Nimezoea, na ningefurahi kuziona tena.

Wenu katika kazi,
Mwandishi wa kujitegemea,
Arusha